Zimwi Lenye Hati

Mama Kadogo alipoambiwa kwamba zimwi la mama mkwe wake lina mwenyewe, na kwamba mwenyewe huyo ni kampuni, alidhani tarishi anamtania.

Tarishi alikuwa amesimama mlangoni, kofia ya pikipiki kwapani, akichungulia ndani. Sebule ilikuwa imegeuka kiwanda. Maboksi mia sita yalipangwa ukutani mpaka yakaziba nusu ya dirisha, kadi zilitandazwa mkekani, na mkasi wa kukatia pembe za kadi ulikuwa umemwachia Mama Kadogo sugu kwenye kidole gumba.

"Hii si ile Gugurumbe?" tarishi akauliza. "Wanangu wanaicheza kwa jirani. Juzi nilimezwa sauti mimi mwenyewe, nikakaa nusu saa bila kusema neno. Mke wangu alifurahi, sijawahi kumwona vile."

"Ndiyo yenyewe," Mama Kadogo akajibu, na fahari ikampanda mpaka shingoni.

"Basi tia saini hapa. Barua yako inamhusu huyo huyo. Juu ya bahasha wameandika kuwa ni mali ya kampuni."

Mchezo wenyewe haukuwa na makuu. Wasafiri wanavuka msitu, kila mmoja na kadi zake. Anayekutana na zimwi Gugurumbe anamezwa sauti, anabaki kucheza kwa ishara mpaka mwenzake amkomboe. Watoto waliupenda kwa sababu ndio mchezo pekee uliowanyamazisha wakubwa. Hadithi ilikuwa ya Bibi, mama mzazi wa mumewe, aliyekuwa akiwasimulia wanawe tangu wadogo. Picha alichora Mama Kadogo, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika mabango ya maduka, na tangu mwaka jana alikuwa amekataa mabango mengi kwa ajili ya zimwi hilo. Kuchapa alichapa mumewe, aliyekuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha uchapaji, siku ambazo bosi wake alikuwa na roho nzuri. Baada ya mwezi mmoja kulikuwa na maonyesho ya shule, na walimu wakuu kadhaa walikwisha kuomba wawekewe maboksi.

Barua aliisoma mara ya kwanza akiwa amesimama, mara ya pili akiwa amekalia boksi. Kampuni moja ya michezo, iliyokuwa ikijiandaa kutoa mchezo mkubwa wa simu, ilikuwa imesajili neno GUGURUMBE miaka minne iliyopita kuwa alama yake ya biashara kwa michezo ya kila aina, ya simu, ya mezani na ya kadi. Neno hilo, barua ilieleza, lilikuwa "tunda la ubunifu wetu". Kwa hiyo yeye na mumewe waache kulitumia mara moja, na maboksi yote yenye jina hilo yakabidhiwe ndani ya siku ishirini na moja, yakateketezwe.

Bibi alikuwa pembeni akishona kifungo cha sare ya mjukuu wake, Kadogo. Kimya kilipozidi akainua macho.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Kuna kampuni inasema Gugurumbe ni wake."

Bibi akakata uzi kwa meno. "Wamchukue. Mimi nimemlisha vya kutosha."

Baba Kadogo alirudi alasiri, mikono yake ikiwa na wino ambao hakuna sabuni iliyowahi kuushinda, akaisoma barua kimya kimya, kisha akafanya kile ambacho familia ile ilikifanya kila ilipopatwa na jambo lenye mhuri. Alimwita mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa karani wa masjala mahakamani. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akipanga mafaili ya kesi za wenzake, na katika kuyapanga akayasoma, na katika kuyasoma akajihesabu kuwa wakili aliyekosa joho tu. Hakuweza kuomba chumvi mezani bila kutaja kifungu, ndiyo maana hata mama yake alimwita Kifungu.

"Shemeji, usitetemeke," alisema, akiikunja barua kama mtu anayekunja kesi yenyewe. "Hii imekwisha kabla haijaanza. Jina la hekaya ni la wote. Nani anaweza kusajili jua? Nani anaweza kusajili mwezi?"

"Ile sabuni ya Mwezi si imesajiliwa?" Baba Kadogo akauliza.

"Ile ni sabuni."

"Na hizi ni kadi."

Kifungu akamtazama kaka yake vile karani anavyomtazama mtu aliyeleta fomu bila picha. "Sikilizeni. Tunapinga usajili wao. Kinachotakiwa ni ushahidi kwamba jina ni la kale, limerithiwa. Mama ataeleza kwamba alilisikia kwa bibi yake, na bibi yake alilisikia kwa bibi yake. Tukifika bibi wa tatu, wale watakula kona wenyewe."

"Bibi yangu alikuwa bubu," Bibi akasema kutoka pembeni.

"Mama, tafadhali."

"Nakueleza tu. Usije ukasema sikukueleza."

Kifungu akacheka, akadhani ni mzaha wa kizee. Mama Kadogo hakucheka. Alimwona mama mkwe wake akiirudisha sindano kwenye kifungo ambacho tayari kilikuwa kimeshonwa.

Wiki iliyofuata Mama Kadogo aliweka brashi chini akaanza kutafuta mashahidi. Alikwenda kwa fundi cherehani mwenye miaka themanini, akaenda kwa mkunga mstaafu, akaenda kwa mwalimu aliyemfundisha mumewe darasa la kwanza. Wote walimjua Gugurumbe. Wote waliangua kicheko kwa kusikia tu jina lake.

"Tangu lini unamjua?" alimuuliza mkunga.

"Ooh, tangu zamani hizo!"

"Ulisimuliwa na nani?"

"Na mama mkwe wako, nani mwingine? Kwenye redio, kile kipindi cha watoto. Sauti yake naijua kama mlango wa nyumba yangu."

Hilo Mama Kadogo alilijua. Mumewe alipokuwa shule, Bibi alisimulia hadithi redioni kila Jumamosi kwa miaka miwili, mpaka kipindi kilipofutwa ukawekwa muziki. Lakini alipouliza habari za kabla ya redio, aliambulia patupu. Fundi cherehani alikuna kichwa. Mwalimu alisema mazimwi aliyasikia mengi, ila hilo, kusema kweli, ni la redioni. Mwisho akaenda maktaba akafungua kitabu kinene cha ngano za kale, akahesabu mazimwi arobaini na mawili, yenye jicho moja, yenye mkia, yenye kinywa kisogoni. Gugurumbe hakuwemo.

Alikirudisha kitabu rafuni taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu. Nyumbani hakumwambia yeyote.

Kifungu aliwasilisha pingamizi, wakapangiwa kikao mbele ya Msajili, na kampuni nayo, kwa wema wake, iliwaita wazungumze kwanza.

Ofisi zake zilikuwa ghorofa ya sita. Msichana wa mapokezi aliwavalisha vitambulisho vilivyoandikwa MGENI, akawapa karatasi ya kuahidi kwamba watakachokiona humo hawatakisema. Baba Kadogo alipoinyoosha mikono yake kuchukua kalamu, msichana aliitazama ile mikono, akatoa kwanza karatasi laini ya kujifutia.

"Huu hautoki, dada," Baba Kadogo akasema. "Ni wa kazini."

"Hata hivyo," msichana akasema, akaendelea kumshikia karatasi. Basi akajifuta, wino ukabaki pale pale, na kalamu akapewa.

Ukuta mzima wa chumba cha mikutano ulikuwa na picha ya Gugurumbe. Mama Kadogo hangemtambua lau jina lisingeandikwa. Wake yeye alikuwa na tumbo kubwa, macho yamefumba, kinywa wazi. Huyu alikuwa na pembe, misuli na deraya ya chuma, na upanga unaowaka. Chini yake maneno: KUTOKA HEKAYA YA MIAKA ELFU MOJA.

Aliyewapokea alikuwa Mkuu wa Ubunifu, kijana mpole mwenye viatu vyeupe visivyojua vumbi. Aliwashika mikono yote miwili, hata ile yenye wino, na Mama Kadogo akajikuta anampenda bila kutaka.

"Mimi nimekua na hadithi hii," kijana alisema. "Bibi yangu alinisimulia."

"Naye aliipata wapi?" Mama Kadogo akauliza.

"Redioni, nadhani. Lakini iko kwenye damu. Gugurumbe ni letu sote."

"Kama ni letu sote, mbona maboksi yetu yateketezwe?"

"Ni letu sote kiutamaduni," kijana akafafanua. "Kisheria ni letu sisi."

Akawaeleza njia ya amani. Wangepewa kibali cha kulitumia jina, kwa herufi ndogo, mradi wachukue picha ya kampuni na waondoe hadithi ya kwao, kwa kuwa haikulingana na hadithi rasmi. Katika hadithi rasmi Gugurumbe alikuwa jemadari wa jeshi la moto.

"Sauti anameza?" Baba Kadogo akauliza.

"Hiyo tuliiondoa. Utafiti ulionyesha kuwa wachezaji hawapendi kunyamaza."

Waliomba muda wa kufikiri. Kwenye lifti Baba Kadogo alisema, "Jeshi la moto," na hakusema kingine mpaka nyumbani.

Kikao kilifanyika asubuhi, katika ofisi ya usajili wa alama za biashara, chumba chenye meza ndefu na feni moja iliyokuwa ikizungukia upande wa Msajili tu. Msajili alikuwa mtu mzima, mtaratibu, mwenye miwani ya kuning'inia. Upande mmoja alikaa wakili wa kampuni, mwanamke kijana mwenye faili jembamba, pamoja na Mkuu wa Ubunifu. Upande wa pili ilikaa familia. Kifungu alivaa koti la suti na alikuwa na faili nene kupita la wakili, ingawa nusu yake ilikuwa karatasi tupu za kulinenepesha.

Njia nzima alikuwa akimfundisha mama yake. "Kwa bibi yangu, naye kwa bibi yake. Basi. Usiongeze neno."

Bibi aliapishwa. Aliinua mkono, akarudia maneno ya kiapo mojamoja kana kwamba anayaonja.

"Bibi," Msajili akaanza kwa upole, "jina hili Gugurumbe ulilisikia kwa nani?"

Kifungu, nyuma, alitikisa kichwa kumtia moyo. Bibi akamtazama Kifungu, akamtazama mwanawe mkubwa, akageukia tena mezani.

"Nimeapa, siyo?"

"Umeapa, Bibi."

"Basi sikulisikia kwa mtu. Nililitunga."

Faili la Kifungu lilianguka. Wakili wa kampuni akaacha kuandika.

"Ulilitunga," Msajili akarudia. "Lini?"

"Huyu mkubwa alikuwa na miaka sita. Huyu mwenye koti, mitatu. Tulikuwa na chumba kimoja na pazia katikati. Baba yao alikuwa zamu ya usiku kiwanda cha saruji, kwa hiyo analala mchana. Na hawa watoto, mwanangu, walikuwa na kelele za kufukuzia kunguru. Nikiwachapa wanalia, kelele zinazidi. Sasa baba yao alikuwa anakoroma."

"Mama!" Kifungu akasema kwa sauti ya chini.

"Si nimeapa? Alikuwa anakoroma. Hivi." Bibi akafumba macho, akainua kidevu kidogo, na bila haya yoyote akaitoa ile sauti ndani ya ofisi ya serikali. "Gu-gu-gu-gu... rumbeee. Gu-gu-gu-gu... rumbeee." Akafumbua macho. "Nikawaambia, mnasikia? Nyuma ya pazia kuna Gugurumbe. Akisikia sauti ya mtoto anaimeza. Wakanyamaza. Ndiyo hadithi yote. Redioni niliongeza msitu."

Karani wa kikao alikuwa wa kwanza kushindwa. Aliinamia mashine yake ya kuandikia, mabega yakimtikisika. Wakili alijifunika mdomo kwa faili. Hata Msajili ilibidi avue miwani aipanguse. Baba Kadogo naye alianza kucheka, kisha kicheko kikamkwama. Aliliona pazia. Lilikuwa la maua ya bluu. Alijiona amesimama mbele yake mchana kweupe, miguu peku, mkono wake umeziba kinywa cha mdogo wake ili asisikike, na moyo unamdunda kwa hofu ya kile kilichokuwa kikinguruma upande wa pili. Kumbe alikuwa akilinda usingizi wa baba yake.

Kifungu alikuwa wa kwanza kurudi kazini. Aliinuka. "Mheshimiwa, basi hoja yetu inabadilika. Kama mama ndiye aliyelitunga jina, jina ni lake, na hawa wamelichukua redioni."

"Neno moja si kazi ya uandishi, Mheshimiwa," wakili akasema, tena bila ubaya. "Hakimiliki hailindi neno moja."

Msajili alivaa miwani, akazitazama pande zote mbili.

"Tatizo lenu ni hili," akaiambia familia. "Mkisema jina ni la kale, basi ni la wote, na kampuni ni mmoja wa hao wote, tena ndiye aliyewahi kujaza fomu. Mkisema ni la Bibi, sheria ya watunzi hailindi neno moja, na fomu Bibi hakujaza. Kwa vyovyote vile, kwenye bidhaa mlianza mwaka jana, na hawa walisajili miaka minne nyuma."

"Kwa hiyo si la kwangu likiwa la kwangu," Bibi akasema, "na si la kwangu likiwa la wote."

"Kwa kifupi, ndiyo. Ila hadithi unaweza kuisimulia, Bibi. Hakuna wa kukuzuia. Hata kwenye kijitabu cha maelezo mnaweza kulitaja zimwi mkisimulia habari zake. Lakini juu ya boksi, kama jina la kitu kinachouzwa, hapana."

"Na nyumbani kwangu?"

"Nyumbani unaruhusiwa."

"Ahsante kwa ruhusa," Bibi akasema, na uso wake haukuonyesha kitu.

Msajili akageukia upande wa kampuni. "Na nyinyi. Barua yenu inasema jina ni tunda la ubunifu wenu. Tangazo lenu linasema ni hekaya ya miaka elfu. Shahidi anasema ni mkoromo wa mumewe. Nyinyi mnashika lipi?"

Wakili akaitazama barua, akalitazama tangazo. "Yote mawili ya kwanza, Mheshimiwa, kila moja kwa mahali pake."

Mkuu wa Ubunifu alikuwa akivitazama viatu vyake. Msajili aliandika kwa muda mrefu. Usajili ulibaki. Maboksi yasingeteketezwa, ila jina lifunikwe lisisomeke, kila boksi, kabla halijatoka ndani.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, ndugu wawili walimkalisha mama yao katikati. Mama Kadogo alisimama mbele yao ameshika karatasi ya uamuzi, hajui aikunje au aichane.

"Mama, miaka yote hii," Baba Kadogo akasema.

"Hukuuliza."

"Nilikuwa nakojoa kitandani kwa ajili ya huyo zimwi."

"Najua. Nani alikuwa anafua?"

Kifungu alilegeza tai. Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, hakuwa na kifungu cha kutaja. "Na baba? Alijua?"

"Ajue nini? Baba yenu amekufa akidhani alizaa watoto watulivu." Bibi akainyoosha kanga yake magotini. "Aliwasifia mpaka kazini. 'Wanangu hawana kelele, mtu analala kama mfalme.' Mimi namtazama tu."

Wakacheka, Baba Kadogo akipangusa macho kwa mgongo wa mkono. Mama Kadogo hakutaka kuwakatiza, lakini maboksi mia sita yalikuwa yamemkalia kifuani.

"Mama," akauliza, "mbali na hilo zimwi. Wakati mwingine ulikuwa unawaambiaje, ukitaka wanyamaze?"

"Kila mama anavyosema. Nyamazeni, baba amelala."

Mama Kadogo alichukua kalamu, akageuza karatasi ya uamuzi wa serikali, na nyuma yake akaandika kwa herufi zake za mabango, kubwa na za mviringo: BABA AMELALA. Akaiinua wote waone.

Kifungu ndiye aliyeruka kama aliyechomwa sindano. "Ghorofa ya chini! Dirisha la maombi liko wazi. Tusirudie kosa, shemeji. Leo leo."

Dirishani walipewa fomu. Mama Kadogo alijaza anwani, akajaza aina ya bidhaa, akafika mahali palipoandikwa: Je, jina hili ni ubunifu wa mwombaji? Kulikuwa na vijisanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Kalamu ikasita. Mama yake mzazi alikuwa akisema maneno hayo hayo. Jirani wa kushoto aliyasema Jumapili iliyopita, ukuta mzima ukasikia. Labda wakati ule ule, nyumba elfu moja, kuna mwanamke ameweka kidole mdomoni na anayasema.

"Weka Ndiyo," Kifungu akanong'ona. "Wote wanaweka Ndiyo."

Akaweka Ndiyo. Karani wa dirishani akagonga mhuri bila kuinua kichwa.

"Na wale wanaoyasema majumbani kwao?" Bibi akauliza.

"Majumbani wataruhusiwa, mama," Mama Kadogo akajibu upesi, kisha akaona haya, maana aliyatoa maneno hayo kwa sauti ya Msajili kabisa.

Bosi wa kiwanda cha uchapaji aliposikia mkasa wenyewe alicheka mpaka akamwachia Baba Kadogo mashine kwa zamu nzima. Asubuhi alirudi na bahasha mbili nene za vibandiko vya rangi ya samawati iliyoiva, kila kimoja na jina jipya. Alivitua mezani, akala amesimama, akaenda chumbani kujilaza kidogo.

Zilikuwa zimebaki siku mbili kabla ya maonyesho ya shule. Walimu wakuu walikuwa wameambiwa kwamba jina limebadilika, na walikubali, ila mmoja tu aliuliza kama baba huyo amelala kwa ulevi. Sebuleni walikaa watatu mkekani: Mama Kadogo akitoa kibandiko, Bibi akikibandika, Kadogo akipanga maboksi yaliyokamilika na akisimulia mambo ya shuleni bila kupumua.

Kabla ya saa nne mlango uligongwa. Ni yule Mkuu wa Ubunifu, peke yake, bila faili. Alivua viatu vyeupe kizingitini, akaketi mkekani alipoelekezwa, akayatazama maboksi yakipoteza jina moja moja.

"Habari za kikao zimeenea," alianza. "Watu wanatuandikia. Wanataka kujua zimwi linaliaje. Bibi, ningeomba ile sauti. Dakika moja tu, nirekodi kwa simu hii. Tutaweka na jina lako kwenye mchezo."

"Jina langu nalo mnataka kulisajili?"

Kijana akacheka, hakuna aliyemsaidia. "Hapana, Bibi. Kwa heshima tu."

"Na hiyo sauti imekwisha kusajiliwa?"

"Bado."

"Basi si yenu. Na si yangu pia. Ilikuwa ya mtu, naye ameondoka nayo."

"Lakini pale kwenye kikao uliitoa."

"Pale nilikuwa nimeapa," Bibi akasema, na akanyoosha mkono apewe kibandiko kingine.

Kijana alikaa kidogo zaidi, kwa adabu. Kabla hajaondoka aliomba boksi moja la mpwa wake, na Mama Kadogo akampa lililokwisha kubandikwa. Walimsikia akihangaika na kamba za viatu vyake nje, kisha hatua zake zikapotea.

Kadogo aliendelea na hadithi yake ya shuleni pale alipoiachia, sauti juu, mikono hewani. Ndipo Bibi alipoinua kidole. Wakatega masikio. Nyuma ya mlango wa chumba Baba Kadogo alikuwa amezama usingizini, na kifuani mwake kitu kilikuwa kimeanza kunguruma, taratibu, kikipanda, kikikwama, kikishuka.

Bibi alisikiliza muda mrefu, kichwa ameinamisha upande mmoja, kibandiko kimemganda kidoleni. Mama Kadogo hakuthubutu kumtazama usoni.

"Bado," Bibi akasema mwishowe. "Huyu ndiyo kwanza anajifunza."

Akakibandika kibandiko, akakisugua kwa kidole gumba mpaka kikashika. Kadogo akaimalizia hadithi yake kwa kunong'ona.